Mashine ya tatuu ya mota haiwezi mstari?

"Mashine ya koili ndiyo ya mistari, ya mota ni ya kivuli tu." Wachora tatuu wamerithishana kauli hii miaka nenda miaka rudi, wengine wakiongeza kuwa ya mota imekuja juzi tu. Sivyo. Mashine ya Samuel O'Reilly wa New York, iliyopata hataza mwaka 1891, ilitokana na kalamu ya umeme ya mvumbuzi Thomas Edison, ya kutoboa karatasi, iliyoendeshwa na mota.

Kwenye koili, sumaku ya umeme huvuta kipande cha chuma, umeme unakatika, springi inakirudisha. Ndiyo maana inanguruma vile. Lakini mstari huamuliwa na urefu wa pigo la sindano (umbali inaosogea juu na chini), kasi na mkono wenyewe. Mota yenye pigo la milimita 4 huchora mstari safi, ya 2.5 ndiyo itakusumbua.