Kabla Hujachagua Kisiwa cha Kupiga Mbizi, Uliza Chemba Iko Wapi

Mtu anapokuja kwetu kupimwa afya kabla ya kwenda kupiga mbizi kwenye visiwa vya mbali, huwa ameshajua mengi. Anajua papa potwe hupita mwezi gani, anajua mwamba upi una matumbawe hai na upi umeanza kupauka. Picha za chini ya maji amezitazama mpaka amezikariri. Basi humuuliza swali moja: ukipatwa na tatizo siku ya tatu, saa kumi jioni, ukiwa kwenye mwamba wa mwisho kabisa, utafika kwenye chemba ya mgandamizo, yaani chumba maalumu cha kumtibia mpiga mbizi kwa hewa iliyobanwa, baada ya saa ngapi? Wengi hunyamaza. Wengine husema mwenye boti bila shaka anajua.

Ukimya huo ndio unaonifanya niandike makala haya.

Tuanze na mwili. Juu ya maji tunabanwa na hewa peke yake. Kila mita 10 unazoshuka baharini huongeza mgandamizo mwingine sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 30 unapumua hewa iliyobanwa mara nne. Karibu asilimia 78 ya hewa hiyo ni nitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii. Ikibanwa huyeyuka kwenye damu, mafuta na neva, na huzidi kuingia kadiri unavyokaa chini. Ukipanda taratibu, hutoka kupitia mapafu bila wewe kujua. Ukipanda kwa pupa, au ukiwa umeirundika kwa mbizi nyingi mfululizo, hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu yakikaa kwenye kiungo, bega au goti huuma. Yakifika kwenye uti wa mgongo, miguu hufa ganzi, na wapo wanaoshindwa hata kukojoa.

Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo, yaani kusimama kwa muda kwenye kina fulani njiani, baada ya kufanya majaribio yao kwa mbuzi. Kompyuta ya kuzamia unayoifunga mkononi leo bado inasimama juu ya wazo lao: inakisia kiasi cha nitrojeni kilichomo mwilini na kukuambia upande vipi. Nasisitiza neno kukisia. Haikupimi wewe. Haijui kama umelala vibaya, kama umepungukiwa maji, wala una umri gani. Nimewaona wagonjwa ambao kompyuta zao hazikutoa onyo lolote.

Tiba ya ugonjwa huu wa mapovu ni kurudishwa kwenye mgandamizo ndani ya chemba na kupumua oksijeni tupu, kwa kawaida kwa kiwango sawa na kina cha mita 18, na kipindi cha kwanza huchukua karibu saa tano. Mgonjwa anayefikishwa mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kupona kabisa. Hapo ndipo umbali wa kisiwa unapoacha kuwa jambo la nauli tu.

Tazama ramani. Kisiwa cha Cocos, maarufu kwa makundi ya papa nyundo, kiko kama kilomita 550 kutoka pwani ya Costa Rica. Hakina uwanja wa ndege, na boti hutumia takriban siku moja na nusu kukifikia. Aldabra iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli. Miamba ya Tubbataha nchini Ufilipino iko kama kilomita 150 kutoka Puerto Princesa, na wageni huifikia kati ya Machi na Juni tu, bahari inapotulia. Uzuri wa sehemu hizi umelindwa na umbali huohuo, na sina nia ya kumkatisha tamaa mtu yeyote asiende. Ninachotaka ni kwamba anayekwenda aihesabu safari kuanzia siku mbaya kuliko zote, kisha arudi nyuma hadi siku ya kufunga mizigo.

Kwanza, itafute chemba iliyo karibu zaidi na uulize wewe mwenyewe, kwa simu au kwa barua pepe. Chemba kuwapo kwenye orodha hakuna maana kwamba inafanya kazi. Uliza kama inapokea wapiga mbizi au wagonjwa wa vidonda tu, kama ina daktari na fundi usiku na siku za mapumziko, na kama oksijeni yake haikatiki. Kisha uliza utafikaje. Ndege ya kawaida hupunguza mgandamizo ndani yake hadi kufanana na mtu aliye kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400, na hali hiyo huyakuza mapovu. Mgonjwa anatakiwa kusafirishwa kwa ndege inayoweza kubaki na mgandamizo wa usawa wa bahari, au kwa helikopta inayoruka chini sana, isizidi mita 300 hivi.

Pili, oksijeni ya kwenye boti. Hapa nitakuomba tufanye hesabu pamoja, maana ni hesabu ambayo wengi hawajawahi kuifanya. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi bar 200, yaani karibu mara 200 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, una lita 2,000 za oksijeni. Mgonjwa huhitaji kama lita 15 kwa dakika kupitia barakoa. Gawanya: dakika 133, yaani saa mbili na dakika kidogo. Ikiwa msaada uko mwendo wa saa 12, unahitaji lita 10,800, ambazo ni mitungi sita ya aina hiyo kwa mgonjwa mmoja. Wapiga mbizi kwa kawaida hushuka wawili wawili na hupanda kwa mwendo mmoja, kwa hiyo wagonjwa wanaweza kuwa wawili. Vipo vifaa vinavyosafisha pumzi na kuitumia tena oksijeni, navyo huurefusha mtungi mara nyingi. Mwenye boti akijibu tu kwamba “oksijeni ipo”, muulize lita ngapi, barakoa ngapi, na nani alifunzwa kuitumia. Mwendeshaji makini hatachukizwa na maswali hayo, na akichukizwa, tafuta boti nyingine.

Bima isome neno kwa neno. Bima nyingi za safari huiondoa mbizi kabisa, au huilipia hadi kina fulani tu. Unatafuta mambo mawili yaliyoandikwa wazi: gharama za chemba na gharama za kuhamishwa kwa ndege. Namba ya dharura iandike kwenye karatasi, sio kwenye simu tu, na umwachie nakala mtu wa nyumbani.

Sasa mwili wako wewe. Moyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo majini, hasa kwa wapiga mbizi waliovuka miaka 45. Kuogelea dhidi ya mkondo ukiwa na mtungi mgongoni ni kazi nzito, na moyo uliozoea kiti hauna budi kupimwa kabla. Pumu nayo izungumzwe na daktari anayeijua mbizi, isifichwe kwenye fomu. Kama visiwa unakokwenda vina malaria, chagua dawa ya kinga pamoja naye: meflokwini yaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, dalili zinazoweza kumchanganya anayetafuta ugonjwa wa mapovu, na wengi wetu hatuitoi kwa wapiga mbizi. Dawa ya kichefuchefu cha bahari ijaribu ukiwa nchi kavu, uone kama inakulaza. Na kama hujagusa maji mwaka mzima, fanya mbizi chache za kujikumbusha mahali tulivu. Visiwa vya mbali mara nyingi vina mikondo yenye nguvu, navyo si mahali pa kujifunza upya kuelea.

Mkondo ndio unaonikumbusha kuhesabu watu. Januari 1998, kwenye Great Barrier Reef nchini Australia, boti iliwaacha wapiga mbizi wawili Wamarekani baharini, na kukosekana kwao kukagunduliwa siku mbili baadaye. Hawakuonekana tena. Uliza wanahesabu vipi: wanaita majina, au wanatazama tu? Nawe beba boya refu la rangi kali la kujaza hewa, filimbi, kioo na tochi, kwenye kila mbizi, hata ile fupi. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi ni kigumu mno kukiona ukiwa kwenye boti.

Hewa ya mtungi pia ina sura yake. Kompresa, mashine inayojaza mitungi hewa, ikivuta moshi wa injini, kaboni monoksaidi huingia mtungini, na gesi hiyo ya sumu haina harufu wala ladha. Chunguza bomba la kuvutia hewa limeelekezwa wapi. Kama umetenga fedha za kifaa kimoja kipya tu, ningenunua kipimo kidogo cha gesi hiyo kabla ya kamera.

Safari za namna hii huwa na mbizi tatu au nne kwa siku, wiki nzima, na nitrojeni ya jana haijaisha yote unaposhuka leo. Ningekushauri upumzike nusu siku katikati ya wiki. Panda usizidi mita 9 kwa dakika, simama dakika tatu hadi tano kwenye mita 5, na kunywa maji ya kutosha. Ganzi, uchovu usio wa kawaida, au madoa ya zambarau kwenye ngozi baada ya mbizi yatangazwe papo hapo. Watu huona haya. Husema ni begi zito, ni kulala vibaya. Anza oksijeni kwanza, mabishano yaje baadaye. Na mgonjwa asirudishwe majini eti apone hukohuko chini.

Tiketi ya kurudi inunuliwe ukijua haya: baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, baada ya mbizi za siku kadhaa, angalau saa 18, na kama ulilazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, zaidi ya hapo. Sisi huwaambia watu wote watenge saa 24 kamili, kwa kuwa ndege za visiwani huenda zikabadili ratiba na kuondoka mapema.

Ukifika nyumbani, na katika siku zinazofuata ukahisi ganzi, maumivu ya kiungo au kizunguzungu, mwambie daktari tangu sentensi ya kwanza kwamba ulikuwa unapiga mbizi, na umwonyeshe kumbukumbu za kompyuta yako: tarehe, kina, na saa uliyotoka majini mara ya mwisho. Huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa aina hii.