Ubingwa wa Afrika huanzia mpakani

Wiki ya mbio, wakati mashabiki Kampala wanabishana nani ataibuka mshindi, sisi mafundi tuko Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, tumekaa kwenye kivuli cha lori. Gari limefungwa mikanda juu, spea zimo masandukuni, na afisa wa forodha anahesabu matairi moja moja. Kazi hii ndiyo iliyonifundisha kuisoma historia ya mbio za magari za ubingwa wa Afrika. Kwangu mimi, mpaka una uzito sawa na usukani.

Ubingwa huu ulianza mwaka 1981, na bingwa wa kwanza akawa Shekhar Mehta. Anaandikwa Mkenya, na ni kweli, lakini alizaliwa hapa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Mehta akahamia Kenya. Mwaka uliofuata tu akashinda Safari Rally, mbio kubwa za Kenya, na Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa sawa kabisa kwa adhabu za kuchelewa njiani, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Baadaye akashinda Safari mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, jumla mara 5. Naumia kila nikiliona jina lake juu ya orodha. Pale palikuwa petu.

Safari yenyewe ilipoanza mwaka 1953 ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za kawaida ambazo ng'ombe, mabasi na matope vilikuwa na haki sawa na magari ya mbio. Mshindi mara nyingi alikuwa yule ambaye gari lake halikuvunjika. Afrika Magharibi nako hali ilikuwa hiyo hiyo: mbio za Bandama za mwaka 1972, Côte d'Ivoire, hazikumalizwa na gari hata moja! Mafundi wa enzi ile waliunda magari ya kuvumilia.

Siku hizi barabara hufungwa, mikondo, yaani vipande vya njia vinavyopimwa muda, ni mifupi, saa inahesabu sehemu za sekunde, na mwelekezi anamsomea dereva kila kona kutoka kwenye daftari waliloandika wakikagua njia. Tunafunga shokapu kwa kufuata udongo wa duru husika, yaani mbio za nchi husika katika ubingwa. Changarawe nyekundu ya Mbarara ikikauka, gari linateleza kama limekanyaga kokoto za mviringo, na ikinyesha, uteute wake unaziba meno ya tairi. Ukija na mpangilio uliokufaa Kenya, utajuta mkondo wa kwanza.

Lakini alama za ubingwa hukusanywa nchi baada ya nchi, na hapo ndipo wengi wetu hukwama. Kutoka Kampala kwenda Zambia, lori linatokea Mutukula, linaikata Tanzania hadi Tunduma, halafu lina safari nyingine ndefu ndani ya Zambia. Mafuta, madereva wa zamu, karatasi za forodha, vyumba vya kulala: fedha inaisha kabla injini haijawashwa. Ndiyo maana nawaheshimu sana waliodumu. Satwant Singh wa Zambia alitwaa ubingwa mara 8. Sidhani kama watu wanaelewa huo ni mzigo wa kilomita ngapi za lori.

Uganda ilipata wake mwaka 1999, Charles Muhangi, mfanyabiashara wa mabasi, Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa Afrika. Kwa mtu aliyezoea kupanga magari ya safari ndefu, sishangai kwamba ndiye aliyefungua njia. Kasi tulikuwa nayo kabla yake. Aliyeweza kuifikisha kila duru alikuwa yeye.

Miaka mingi baadaye Wakenya wakatawala. Safari ilipotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikawa duru ya Afrika, nao wakapata alama nyumbani. Manvir Baryan akashinda 2017, 2018 na 2019, Carl Tundo 2021, Karan Patel 2023 na 2024. Katikati, mwaka 2022, Leroy Gomes aliurudisha Zambia.

Duru yetu, Pearl of Africa, ikifika, msikimbilie kona tu. Piteni kwanza kwenye uwanja wa huduma, mtazame namba za malori, mwulize kila lori limelala njiani siku ngapi na litaelekea wapi Jumatatu.