Shule haikuuzwa, lakini mzazi analipa

Hapa Lubumbashi, Septemba ikikaribia, wazazi wanaongea yale yale: minervali (ada ya shule), yunifomu, nani kamhamisha mtoto. Na kila mmoja ana hakika zake.

"Kulipa masomo kumeletwa na shule za prive, za watu binafsi." Hapana. Kongo haikuuza shule zake. Miaka ya 1980, serikali ikibanwa na masharti ya wakopeshaji wa nje, fedha za elimu zilikatwa na mshahara wa mwalimu ukakosa thamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma, na wazazi wakakubali kutoa prime, nyongeza ya kumlipa mwalimu, ili madarasa yafunguliwe. Ilisemwa ni ya muda. Ikakaa zaidi ya miaka 25, na sehemu yake ikawa inapanda kutoka shuleni hadi ofisi za juu, kila ngazi ikikata fungu lake. Kuta za serikali, mfuko wa mzazi: ubinafsishaji wetu ulikuja hivyo, bila mnada.

"Shule ya mapadri ni ya prive." Nayo si kweli. Rais Mobutu alizitaifisha mwaka 1974, na mkataba wa 1977 ukayarudishia makanisa uendeshaji tu. Ni shule za umma.

"Utandawazi ni intaneti na Kiingereza." Kwa mtu wa Katanga, eneo letu la migodi, utandawazi ni bei ya shaba. Mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, alisoma shule ya kampuni, akatibiwa hospitali ya kampuni, akala unga wa kampuni. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, uzalishaji ukaporomoka, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. (Hiari gani, kwa baba anayedai malimbikizo ya mishahara?) Makampuni ya nje yakaja kuchimba, lakini hayakurithi ule wajibu wa zamani wa kumsomesha mtoto wa mfanyakazi tangu chekechea. Hapo ndipo mama wengi walipoanza kulipia masomo kwa faida ya mkaa na mikate.

"Gratuité, elimu ya bure, imefuta malipo yote." Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure, utekelezaji wa nchi nzima ulianza Septemba 2019. Ya msingi, na ya umma. Sekondari watu wanaendelea kulipa. Madarasa yalijaa mara moja, huku walimu wengi wakiwa hawajamekanizwa: wanafundisha, lakini hawamo kwenye listi ya mishahara. Juni 2020 Benki ya Dunia, ile ile, iliidhinisha dola milioni 800 kuunga mkono elimu ya bure. Wazee wa Gécamines wanacheka wakisikia hilo, na si kicheko cha furaha.

"Prive ndiyo inafundisha vizuri." Zipo kweli, na zipo nyingine ambazo ni vyumba vitatu ndani ya uwanja wa mtu na bango lenye neno "internationale". Mtihani wa taifa ni ule ule kwa wote. Kabla ya kulipa, mwombe prefe (mkuu wa shule) akuonyeshe hati ya kibali cha shule, kisha muulize mwalimu, pembeni, mwezi uliopita alilipwa lini.