Gari Kulala Kwenye Kona Si Ugonjwa

Wiki hii huyu ni wa tatu. "Fundi, gari linalala kwenye kona. Nifungie springi fupi, zile ngumu." Springi zenyewe keshanunua, zimo kwenye buti, zimepakwa rangi nyekundu utadhani rangi nayo inashika barabara. Gari ni la spoti, la kiwandani, halijaguswa hata nati moja. Nikamuuliza: likilala, linatoka nje ya mstari wako au linabaki pale pale ulipoliweka? Akanyamaza. Hajawahi kuangalia.

Basi naandika mara moja, na wa nne atapewa hii asome wakati anasubiri zamu yake.

Kulala ni jambo moja, kushindwa kushika barabara ni jambo jingine. Gari linaweza kuinama kama jahazi lililopigwa na upepo wa ubavuni, na matairi yake bado yameng'ang'ania lami. Linaweza pia kusimama wima kama kabati huku pua ikiteleza kuelekea mtaroni. Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, iliyotoka 2015, inalala waziwazi, na bado ni gari tamu la kona. Unachosikia ubavuni ni mwili wako unavyoegemea mlango. Tairi linachofanya hulisikii huko, unalisikia mikononi na makalioni, tena ukiwa umetulia.

Hapa ndipo watu wananikasirisha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wanaamini springi ngumu inazuia uzito usihamie upande wa nje wa kona. Haizuii. Chukua gari la kilo 1,100, kitovu cha uzito wake kiko sentimita 45 juu ya ardhi, na upana kati ya tairi la kushoto na la kulia ni sentimita 150. Lipige kona kwa nguvu ya 0.9 ya mvuto wa dunia. Uzito utakaohama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje ni karibu kilo 300. Ukitafuta springi kwenye hesabu hiyo huioni. Kuna uzito, kimo, upana na ukali wa kona, basi. Kulala kwenyewe kunasogeza kitovu kidogo kwenda nje. Gari likilala digrii 3, unaongeza kilo 15 hivi juu ya zile 300. Hizo 15 ndizo zilizokutoa pesa mfukoni.

Springi na stabilaiza, ile fimbo inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, zinachoamua ni mgawanyo: kati ya zile kilo 300, ngapi zihamie kupitia mbele na ngapi kupitia nyuma. Na tairi lina tabia moja mbaya. Ukilizidishia mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili, unaongezeka pungufu ya hapo. Kwa hiyo upande wa gari uliokazwa zaidi, mbele au nyuma, ndio unaobeba uhamaji mkubwa zaidi, na ndio unaoanza kuchoka. Mteja anakuja analalamika pua inakataa kona, anataka nimkazie mbele. Nikimkazia, pua itakataa zaidi, ila itakataa bila kulala, naye ataondoka amefurahi. Hilo ndilo linaloniuma. Anafurahi!

Sasa haki yake nayo nimpe. Kuna mahali kulala kunaumiza kweli, nako ni kwenye kemba, yaani tairi linavyoinama kwenda ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Gari lenye shokapu zilizosimama, zile zinazobeba mguu mzima bila mkono wa juu, likilala digrii 3, tairi la nje nalo linaegemea nje karibu kiasi hicho hicho. Linaanza kukanyagia bega lake badala ya uso wote. Lenye mikono miwili, juu na chini, hurudisha sehemu ya kemba hiyo lenyewe. Kwa hiyo kuna magari ambayo springi ngumu kidogo imeyasaidia kwa sababu imelinda kemba, na mwenye gari akaondoka anaamini alichokuwa anaamini. Mimi kwa gari kama hilo naanza kwa kuongeza kemba ya ndani ya digrii moja mbele, nikaona. Usiniambie itakula tairi. Matairi yanayoliwa haraka upande mmoja, mara nyingi mla ni too iliyokosewa, yaani pua za matairi zinavyoelekea ndani au nje; kemba inasingiziwa tu.

Kushusha gari nako ni hadithi yake. Kwenye hizo shokapu zilizosimama, ukishusha bodi, mkono wa chini unainuka ncha ya nje, na kile kitovu ambacho bodi hulalia kinashuka kwa kasi kuliko uzito ulivyoshuka. Bodi inapata mkono mrefu zaidi wa kujipindua. Umeshusha gari ili lisilale, na sehemu ya faida umeirudisha papo hapo. Halafu safari ya shokapu imefupishwa, kwa hiyo katikati ya kona yenye bonde gari linakalia ule mpira mdogo wa juu wa shokapu. Springi inageuka jiwe ghafla. Ikitokea mbele, pua inaachia, ikitokea nyuma, unaangalia ulikotoka.

Haya, gari linakatisha tamaa kwenye kona. Mimi naanza wapi?

Upepo, asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa geji yangu, si ya mtu. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si pembeni mwa tairi: ile ya pembeni ni kikomo. Joto likipanda digrii 5 au 6 za Selsiasi, upepo hupanda karibu psi 1, kwa hiyo aliyejaza mchana wa jua baada ya safari hajajaza chochote cha kuaminika. Kisha umri. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, pembeni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Raba ya miaka mingi inaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) ndefu na bado ikawa plastiki. Kisha matairi manne yawe ya aina moja. Nimeona mengi.

Tena uulize kiwanda kilitaka nini. Toyota GT86 ilipotoka 2012, nyingi zilivaa Michelin Primacy HP ya 215/45 R17, aina iliyowekwa pia kwenye Prius. Si ubahili. Walitaka mkia uchezee kwa mwendo ambao mtu wa kawaida anaumudu. Watu wakavalisha matairi mapana yenye mshiko mkali, kisha wakalalamika gari limepooza. Na magari mengi ya barabarani hupangwa makusudi pua ianze kuachia kabla ya mkia, maana dereva aliyeshtuka huachia mafuta, na pua inayoteleza ukiachia mafuta inarudi.

Baada ya matairi naendesha mwenyewe, na swali langu ni moja: *lini*. Likigoma unapoingiza usukani tu, nawaza shokapu, too ya mbele, au dereva aliyeachia breki mapema pua ikapaa. Likigoma katikati, kila kitu kimeshatulia, shokapu haina neno tena pale lami ikiwa laini: nawaza kemba, springi, stabilaiza, tairi. Likigoma unapokanyaga mafuta kutoka, nageukia nyuma, na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia. "Halishiki kona" bila kuniambia lini ni sawa na kumwambia daktari "naumwa" ukakaa kimya.

Kuhusu kuibonyeza bampa kwa mikono na kuhesabu inaruka mara ngapi: achana nayo. Shokapu iliyokufa kabisa itajionyesha, ila iliyochoka nusu inapita mtihani huo ikicheka. Naangalia mafuta yaliyovuja, naangalia matairi yameliwa mabaka mabaka, halafu napanda barabara yenye mikunjo.

Bushi, zile raba za kwenye viungo vya miguu ya gari, ndizo mwizi mkubwa. Kwenye mashine ya alaimenti gari limesimama, kila namba ni ya kijani, yaani ndani ya kipimo kinachoruhusiwa. Barabarani bushi ya nyuma iliyolegea inaruhusu tairi kufungua pua kidogo linapobeba mzigo, na gari linapiga mkia bila taarifa. Mashine haikudanganya, ilipima kitu kingine. Hata kwenye gari jipya too haitulii. Honda S2000 ya 1999 ilikuwa inabadilisha too ya nyuma sana mguu unapopanda, na mwaka 2004 Honda wakaipanga upya nyuma hiyo. Na kijani chenyewe ni kipana. Magari mawili pacha, yote kijani, moja linaweza kuuma kona na jingine likasinzia, kwa kuwa moja liko ncha hii ya kipimo na jingine ncha ile.

Nikiri jambo. Kwa makalio yangu peke yake, siwezi siku zote kutofautisha bushi iliyochoka na shokapu iliyochoka. Nimeshabadilisha shokapu nzima kwa ujasiri mkubwa na ugonjwa ukabaki. Na kuna magari niliyoyaponya kwa kubadilisha vitu vitatu siku moja, mwenyewe akashukuru, nami hadi leo sijui ni kipi kati ya vitatu kilichoponya. Ndiyo maana siku hizi nabadilisha kimoja, naendesha, ndipo nagusa cha pili. Wateja hawapendi.

Turudi kwa mwenye springi nyekundu. Upepo wa mbele psi 38, kibandiko kinasema 29. Matairi ya nyuma yana miaka tisa. Tairi la nyuma kulia limefungua pua, na bushi yake imepasuka. Kimoja kimoja, nikashusha upepo, nikaweka bushi, nikampangia too, nikamwomba anunue matairi kabla hajanipa springi zake. Akaenda, akarudi baada ya siku nne.

"Fundi, sasa linashika, mpaka naogopa."

"Safi."

"Lakini bado linalala."

Nikafungua buti, nikamkabidhi boksi lake.