Je, wajua kwa nini kikombe cha kahawa hutikiswa kule Ghuba?

Binamu yangu alipoanza kazi Muscat, tajiri wake alimwalika nyumbani. Akamiminiwa kahawa kidogo kwenye kifinjani, akanywa, akarudisha. Akamiminiwa tena. Akasema "shukran", akamiminiwa tena. Yeye ni mtoto wa Mombasa, amelelewa kutokataa anachokirimiwa, basi akanywa vikombe saba na usiku ule hakupata usingizi. Kesho yake mwenzake wa kazini akamwonyesha: kikombe ukishike kwa mkono wa kulia, ukitikise huku na huku mara mbili tatu, ndipo ukirudishe. Hapo umesema umetosheka. Ukikirudisha kimetulia, umeomba nyongeza.

Mbona basi mtu asiulizwe tu? Kwa sababu kumuuliza mgeni kama ametosheka kunakaribia kumhesabia. Anayemimina husimama kimya na dele, yaani birika la kahawa, mkononi, mazungumzo yanaendelea, na mkono wa mgeni ndio unaoamua. Kwangu mimi huo ni ukarimu wa hali ya juu.

Kikombe nacho hakijazwi. Robo hivi yatosha. Huku kwetu tungedhani tumenyimwa. Kule, kikombe kilichojaa hadi ukingoni chaweza kufahamika kama "kunywa uende zako". Kahawa kidogo huinywa ingali moto, na mmiminaji anapata kurudi kwako tena na tena.

Majina yanaweza kutupoteza, maana kwa Kiarabu kahawa ni qahwa na dele ni dalla. Lakini kahawa tungu ya Mji wa Kale, Mombasa, ni nyeusi, ina tangawizi. Yao mara nyingi hukaangwa kidogo tu, ikawa ya manjano, inanukia iliki na pengine zafarani. Haitiwi sukari, utamu ni wa tende zilizo kando. Mwaka 2015 UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za wanadamu, kwa ombi la pamoja la Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu.

Ila wengi wanaoondoka hapa kwenda kazi za nyumbani na za hoteli ndio watakaomimina. Dele hushikwa kwa mkono wa kushoto, kikombe hutolewa kwa wa kulia. Huanzwa na mgeni mheshimiwa au mkubwa kwa umri, na dele haliwekwi chini mpaka wote watikise. Dada zetu hufundishwa pasi na mashine ya kufulia kabla ya safari. Naomba na hili lifundishwe, kwani jioni ya kwanza wageni wakija, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuwaeleza.

Mpwa wangu anaenda Doha mwezi ujao. Jana baada ya Isha tulimkalisha barazani na kikombe mkononi, shangazi yake akashika dele. Akatikisa polepole mno. Shangazi akammiminia tena.