Je, Wajua? Kwa Nini Duka Linaruhusiwa Kuuza Biskuti Zinazofanana na za Maskauti wa Kike

Binamu yangu anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, alikuja likizo mwaka mmoja akiwa na biskuti za aina mbili. Za kwanza zilikuwa ndani ya boksi la kijani la Thin Mints, alilolinunua kwa binti wa jirani yake, ambaye ni skauti. Za pili zilitoka kwenye pakiti ya Benton's, ambayo ni nembo ya biskuti za maduka ya Aldi. Tulizimimina kwenye sahani moja. Zote zilikuwa visahani vyembamba vyenye upana unaokaribia mdomo wa kikombe cha kahawa chungu, zimevikwa chokoleti nyeusi, na ukizivunja hutoa mlio uleule mkavu kabla ubaridi wa mnanaa haujapanda puani. Nilitamka kwa uhakika kamili kwamba wenye duka hao wameiba, na kwamba siku watakayofikishwa mahakamani watalipa mpaka ya mfukoni. Binamu alinitazama kwa huruma. "Wameiba nini hasa?" akauliza.

Sikuwa na jibu, na swali hilo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Niliamini kwamba mtu akibuni kitu kitamu, sheria humpa utamu huo uwe mali yake. Nilipoambiwa kwamba sivyo, sikusalimu amri, bali nilihamia kwenye imani nyingine, kwamba biskuti zote hizo hutoka kiwanda kimoja na hutofautiana kwa karatasi ya nje tu. Imani ya kwanza ni kosa tupu. Ya pili ina chembe ya ukweli, lakini si pale nilipodhani.

Historia yenyewe ni fupi. Girl Scouts, yaani maskauti wa kike wa Marekani, ambao kwetu Afrika Mashariki wangeitwa Girl Guides, walianzishwa na Juliette Gordon Low mjini Savannah, Georgia, tarehe 12 Machi 1912. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekutana na Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya. Mwaka 1917 kikosi kimoja cha Muskogee, Oklahoma, kilioka biskuti na kuziuza katika mkahawa wa shule ili kupata fedha za shughuli zao. Kuanzia mwaka 1936 chama cha kitaifa kilianza kuwapa leseni waokaji wa viwandani, na kufikia mwaka 1951 biskuti ya chokoleti na mnanaa ilikuwa mojawapo ya aina tatu zilizouzwa. Leo takriban maboksi milioni 200 huuzwa kwa msimu mmoja, ambao kwa sehemu kubwa ya nchi huanza Januari na kwisha Aprili. Maduka nayo hayakulala. Aldi ina biskuti zake za mnanaa, za karameli na nazi, na za siagi ya karanga, na Walmart ilifuata njia hiyo kwa nembo yake ya Great Value.

Sasa turudi kwenye swali la binamu. Sheria ya Marekani ina nyua kadhaa za kulinda ubunifu, na biskuti huponyoka karibu zote. Hakimiliki hailindi orodha ya viambato, kwa sababu kusema unga kiasi hiki na sukari kiasi kile ni taarifa, si tungo. Hataza, yaani haki ya peke yake ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, huhitaji uvumbuzi usiokuwapo kabla, na hata ikipatikana huisha baada ya miaka 20, nayo Thin Mints imevuka miaka 70. Siri ya biashara hudumu maadamu siri ni siri, lakini humzuia mwizi wa daftari tu. Mtu aliyenunua boksi kwa fedha yake, akaonja, akapima na kujaribu tena na tena hadi akapatia, hana kosa. Isitoshe, kanuni za vyakula humlazimu mwokaji aorodheshe viambato kwenye boksi kuanzia kilicho kizito zaidi hadi kilicho chepesi zaidi, kwa hiyo mshindani huanza kazi akiwa tayari ameshikishwa sehemu ya mapishi.

Unabaki ua mmoja, nao ndio wenye utamu wa kuuchambua: ulinzi wa alama ya biashara, ambao Marekani unaweza kufika hadi kwenye umbo na mwonekano wa bidhaa. Nilipofika hapa nilijipa matumaini kwamba nimelipata kosa la duka. Ikiwa chupa ya Coca-Cola inalindwa kwa umbo lake, kwa nini kisahani chembamba cheusi kisilindwe?

Jibu linaeleweka vizuri zaidi ukiwa jikoni. Tuseme katika mtaa mmoja yupo Bi Mwanaisha, anayepika vitumbua ambavyo watu huamka alfajiri kuvifuata. Jirani yake anaweza kununua chuma cha vitumbua kesho, akaloweka mchele, akatia hiliki na tui, akaanza kuuza mlango wa pili. Bi Mwanaisha atanuna, na wateja watateta, lakini hakuna mjumbe wa mtaa atakayemzuia jirani huyo kwa sababu vitumbua vyake ni vya mviringo. Mviringo si sahihi ya Bi Mwanaisha, unatokana na vishimo vya chuma. Anayetaka kupika kitumbua sharti apate umbo hilo, na ukimpa mtu mmoja haki juu ya umbo hilo umempa haki juu ya kitumbua chenyewe. Sambusa ni vivyo hivyo. Pembe tatu zinatokana na jinsi manda inavyokunjwa ili nyama isimwagike ndani ya mafuta. Lakini jirani akimtuma mtoto apite vichochoroni akinadi "Vitumbua vya Bi Mwanaisha!", hapo amevuka mpaka, kwa sababu sasa anamdanganya mlaji kuhusu mikono iliyovipika.

Majaji wa Marekani wamelisema jambo hilohilo kwa lugha ya kisheria, na kwa bahati nzuri wamelisema wakizungumzia vyakula. Mwaka 1938 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi kati ya Kellogg na National Biscuit kuhusu kifungua kinywa cha ngano iliyosagwa nyuzinyuzi na kufinyangwa kama mto mdogo. Hataza ya chakula hicho ilikuwa imekwisha mwaka 1912. Mahakama ilisema kwamba Kellogg inayo haki ya kutengeneza mito ya aina hiyo, kwa kuwa umbo jingine lingeongeza gharama na kupunguza ubora. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikashughulikia vijiti vya biskuti vya Pocky, kutoka Japani, vilivyochovywa chokoleti na kuachwa ncha moja tupu. Kampuni ya Korea inayoitwa Lotte ilikuwa ikiuza vya kwake, Pepero, vinavyofanana navyo kiasi cha kukuchekesha. Wenye Pocky walishindwa. Ncha tupu, walisema majaji, humwezesha mlaji kushika bila kuchafua vidole, na wembamba huruhusu vijiti vingi kuenea boksini. Kinachorahisisha ulaji hakiwezi kuwa alama ya mtu mmoja chini ya sheria hiyo.

Kwa hoja hiyo, kisahani chembamba kilichofunikwa chokoleti pande zote kina nafasi ndogo sana ya kulindwa. Wembamba ndio unaoleta mlio, na chokoleti ndiyo inayobeba mnanaa. Lazima hata hivyo niseme kwamba si kila umbo la biskuti hushindwa. Kampuni ya Pepperidge Farm iliwahi kusajili umbo la biskuti yake ya Milano, na mwaka 2015 ikayashtaki maduka ya Trader Joe's kwa kuuza inayofanana nayo, shauri ambalo baadaye lilimalizwa kwa makubaliano. Mpaka kati ya umbo la kazi na umbo la utambulisho umechorwa kwa penseli, na kila jaji huja na kifutio chake.

Ushahidi ulionigeuza kabisa, hata hivyo, haukutoka mahakamani. Ulitoka kwa maskauti wenyewe. Chama kina waokaji wawili wenye leseni, ABC Bakers na Little Brownie Bakers, na kila baraza la eneo huchagua mmoja wao. Biskuti ya karameli na nazi iliyochomwa, yenye tundu katikati na mistari ya chokoleti juu, huitwa Samoas ikiokwa na Little Brownie, na huitwa Caramel deLites ikiokwa na ABC. Ile ya siagi ya karanga ni Tagalongs kwa mmoja na Peanut Butter Patties kwa mwingine. Familia ikihama jimbo inaweza kukuta biskuti ya utoto wao imebadilishwa jina, na ladha nayo imesogea kidogo, kwa sababu mapishi si yaleyale. Mtu aliyezoea Samoas anaweza kubishana hadi usiku kwamba Caramel deLites ni ya kuiga, ilhali zote mbili ni halali na zote zimeuzwa na mabinti wenye sare. Hata ndani ya nyumba moja, kinacholindwa kwa wivu ni jina.

Ndiyo maana pakiti ya Aldi ilikuwa na maneno ya kueleza tu: chokoleti, mnanaa, biskuti. Duka linaruhusiwa kueleza kila kilichomo ndani, ila si kutaja lile jina. Hutakuta humo Thin Mints, wala picha ya sare, wala jani lenye sehemu tatu ambalo ndilo nembo ya chama. Karatasi ya nje, tofauti na biskuti, haina kazi ya lazima katika utamu, kwa hiyo hapo sheria ina meno. Mwezi Mei 2025 kampuni ya Mondelēz iliishtaki Aldi katika mahakama ya shirikisho huko Illinois, na lalamiko lake lilihusu pakiti zinazofanana na za Oreo na za biskuti zake nyingine. Halikudai haki ya peke yake juu ya biskuti mbili nyeusi zenye krimu katikati, na huenda hilo ni busara: biskuti ya Hydrox, yenye muundo huohuo, ilianza kuuzwa mwaka 1908, na Oreo ikafuata mwaka 1912.

Na ile imani yangu ya kiwanda kimoja? Chembe yake ya ukweli ni hii. Kampuni ya Keebler kwa miaka mingi imeuza madukani biskuti ya Grasshopper, ya chokoleti na mnanaa, inayofanana mno na Thin Mints. Keebler na Little Brownie zilikuwa chini ya Kellogg, na mwaka 2019 zote mbili zilinunuliwa na Ferrero, kampuni ya Kiitaliano iliyotupa Nutella. Kwa hiyo mmoja wa waokaji wa maskauti na mmoja wa washindani wao wa dukani wana mwenye mali mmoja. Hilo halifanyi biskuti kuwa moja, kwa sababu mapishi ni tofauti, na mtu kuwa na maduka mawili si ushahidi kwamba anauza mchele wa gunia moja. Nalo halihusu pakiti ya Aldi iliyonifanya nitoe hukumu.

Je, maduka yanawaumiza maskauti? Ukitazama bei pekee ungedhani wamekwisha. Boksi lao katika maeneo mengi hugharimu dola 6 hivi, na pakiti ya duka aghalabu haifiki nusu ya hapo. Lakini kupima madhara si rahisi kama kutoa kubwa kwa ndogo, kwa kuwa anayenunua kwa binti mlangoni hanunui biskuti peke yake. Baada ya mwokaji kulipwa, faida hubaki eneo lile lile, kwa baraza na kwa kikosi kilichouza, na mnunuzi analijua hilo anapotoa fedha. Chama chenyewe hakijaogopa rafu za maduka: mwaka 2012 kiliipa Nestlé leseni ya kutengeneza chokoleti zenye ladha za biskuti zake, na baadaye General Mills ikauza nafaka za asubuhi za aina hiyo. Kile ambacho duka lazima likikwepe, yaani jina, ndicho chama hukikodisha kwa ada.

Nilimuuliza binamu, aliyevumilia maswali haya yote kwa simu, yeye hununua zipi. Alisema Februari huchukua maboksi manne kwa yule mtoto wa jirani, mawili kati yake huyaweka kwenye friza, na kwa kawaida hayafiki Mei. Kuanzia hapo huenda Aldi. Nilipomkumbusha kwamba siku ile ya sahani moja hatukutenga za boksi na za pakiti, alikiri kwamba naye hakuwa akijua alikuwa akila ipi.