"Enendeni" ya Mathayo 28:19 si "mkienda"

Mathayo 28:19, "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, mkiwabatiza", haikosi mhubiri aliyegusa Kigiriki kidogo. Kidogo hicho ndicho chenye matata.

Dhana: Kigiriki hakisemi "enendeni", kinasema "mkiwa mnakwenda"

Nusu ni kweli. Amri yenye umbo la amri katika aya ile ni moja tu, *mathēteusate*, "wafanyeni wanafunzi". Neno la mwendo ni *poreuthentes*, kutoka *poreuomai*, nalo linaegemea kitenzi kinachofuata. Mhubiri akifika hapo hukata shauri: basi kwenda si agizo, shuhudia ukiwa kwenye daladala, yatosha.

Anachokiruka ni umbo la wakati. *Poreuthentes* ni aoristi, umbo la Kigiriki la tendo linalotazamwa kwa ujumla wake, si linaloendelea. Mathayo alipotaka kusema "mkiwa njiani" alitumia umbo la tendo linaloendelea, *poreuomenoi* (10:7), na Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, ikalipokea barabara: "Na katika kuenenda kwenu, hubirini." Lakini aoristi ya namna hii ikitangulia amri, kwa Mathayo hubeba nguvu ya amri yenyewe. Herode anawaambia mamajusi *poreuthentes exetasate* (2:8): "Shikeni njia, mkaulize." Hakuwa akiwaomba waulizie kama wakijaaliwa kupita Bethlehemu! Malaika kaburini naye anawaambia wanawake (28:7): "nendeni upesi, mkawaambie". Ni neno lile lile, *poreutheisai*, ila la jinsia ya kike. Wangelielewa kwa maana ya "mkiwa mnakwenda", wangebaki pale kaburini hadi wapate safari nyingine.

Hapa Kiswahili kina bahati. Katika "enendeni, mkawafanye", ile *-ka-* inafanya kazi yote: toka ulipo, fika, kisha fanya. Mbele kidogo *baptizontes*, tendo linaloendelea, limepewa *-ki-*: "mkiwabatiza". Ugomvi mzima uko kati ya *ki* na *ka*, na wafasiri wetu walishauamua.

Dhana: Basi kwenda ndiyo amri kuu

Hapana. Hili ni kosa la upande wa pili, la mabango ya mikutano yenye neno ENENDENI peke yake. Mwendo unaamriwa kwa sababu ya kazi iliyo mwisho wa safari. Kwa sarufi, uzito uko kwenye "mkawafanye".

Dhana: Ile *-the-* ya *poreuthentes* ni ya kutendwa, kwa hiyo maana ni "mkiisha kupelekwa"

Umbo ni hilo, maana sivyo. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa: *kuelewa* na *kuchelewa* vina *-w-* ya kutendwa, lakini mtu akisema "nimeelewa" hakuna anayemuuliza ameelewa na nani. *Poreuomai* nayo, katika Agano Jipya lote, haitokei hata mara moja katika umbo la kutenda. Hata pale yenye *-the-*, mwenye kwenda anakwenda kwa miguu yake.